Mahali au msimu? Njia za kuchunguza kama watoto wenye mgongo wazi Nairobi wanalundikana

Kwenye benchi la kliniki ya watoto wenye mgongo wazi (spina bifida), yaani waliozaliwa uti wa mgongo haujafunga, mazungumzo hayaanzi na ugonjwa. Huanza na "Unakaa wapi, mama?" Asubuhi moja tulikuwa wanne tumepakata watoto, watatu tukitoka upande wa Kayole na Embakasi, na wawili kati yetu watatu tulijifungua mwezi mmoja, Februari. Mama wa nne, aliyetoka Ngong, alitutazama akasema polepole, "Kuna kitu huko kwenu." Nilibeba maneno hayo ndani ya matatu hadi nyumbani. Ni maji? Ni unga? Ni moshi wa viwanda? Ni dawa niliyomeza kabla sijajua nina mimba?

Kazi yangu ni rekodi za afya, kwa hiyo najua rejista zinavyojazwa na zinavyoachwa wazi. Tangu siku ile vikundi vya wazazi na wanafunzi wa afya ya jamii wameniuliza swali lile lile: tukitaka kujua kama kweli kuna mlundikano, tuanze na ramani au na kalenda? Twende hospitalini au nyumba kwa nyumba? Nalinganisha njia hizo hapa kwa sababu nimeona watu wenye moyo safi wakipoteza mwaka mzima kwa kuanza na njia isiyolingana na walicho nacho mkononi.

Bahati nayo hulundika

Mwaga konzi ya mahindi sakafuni. Punje hazitajipanga kwa nafasi sawa. Mahali pengine zitakuwa tano pamoja, pengine patupu. Hakuna aliyezipanga.

Tuchukue mfano wa hesabu tu: hali fulani inampata mtoto 1 kati ya 1,000. Hospitali ambako wanazaliwa watoto 500 kwa mwezi ingemtarajia mtoto mmoja mwenye hali hiyo kila miezi miwili. Uwezekano wa kuona watatu au zaidi ndani ya mwezi mmoja, bila sababu yoyote, ni kama asilimia 1.4. Unaonekana mdogo sana. Sasa chukua hospitali 20 za ukubwa huo na uzifuatilie miezi 12. Hiyo ni miezi 240 ya kutazama, na mwezi wa namna hiyo utatokea mara tatu au nne kwa bahati tupu. Wauguzi wa wodi hizo watashtuka, na wana haki kushtuka. Wale wa wodi nyingine hawatampigia mtu simu, na ndiyo maana sisi husikia habari za milundikano tu.

Kwa hiyo chora mipaka kabla ya kuhesabu. Amua mapema ni hali gani, ni wadi zipi, ni miaka gani. Anayesubiri mishale itue ndipo achore duara kuizunguka atapata shabaha kila siku.

Na hilo la kuamua "ni hali gani" msilipite mbio. Kichwa maji kinachoambatana na mgongo wazi hutokana na kilichotokea tumboni, lakini watoto wengi Afrika Mashariki hupata kichwa maji baada ya kuzaliwa, kutokana na maambukizi ya wiki za mwanzo. Watafiti waliofuatilia watoto waliotibiwa Mbale, Uganda, walichapisha mwaka 2012 kwamba kichwa maji cha baada ya maambukizi hupanda na kushuka kufuatana na mvua, kikiongezeka mvua inapokuwa ya wastani, si wakati wa ukame wala wa gharika. Mwaka 2020 kikatajwa kimelea kinachoshukiwa, bakteria wa jamii ya Paenibacillus. Ukiweka watoto hao kwenye daftari moja na wa mgongo wazi, utauona msimu, nao utakuwa wa kweli, ila utawaambia wazazi wa mgongo wazi jambo lisilowahusu.

Ramani

Ramani huvutia macho. Ukiweka nukta nyekundu kwenye karatasi ya Nairobi, kila mtu aliye mezani anainuka kutazama. Na ni kweli mahali hutofautiana. China, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, wanawake wa kaskazini wasiotumia vidonge vya asidi ya foliki walipata watoto wenye kasoro za mfereji wa neva (ule unaokuwa ubongo na uti wa mgongo; mgongo wazi ni mojawapo ya kasoro hizo) 4.8 kwa kila 1,000, wa kusini 1.0. Waliotumia mikrogramu 400 kwa siku walikuwa na 1.0 kaskazini na 0.6 kusini. Tofauti ya mahali ilikuwa kubwa, na sehemu yake kubwa ilifutwa na kidonge.

Ugumu wa ramani ni kile kinachokaa chini ya mstari wa sehemu. Watoto 6 Embakasi na 2 Lang'ata hawana maana mpaka ujue ni watoto wangapi kwa jumla walizaliwa na wakazi wa kila upande. Sensa ya 2019 iliikuta Nairobi na watu 4,397,073, na mitaa ya Eastlands, Kayole na Embakasi ikiwemo, imebeba sehemu kubwa yao. Benchi lolote la kliniki ya umma Nairobi litajaa watu wa Eastlands hata kama hakuna kitu huko kabisa. Hilo pekee lilitosha kunirudishia usingizi niliokosa.

Kisha kuna swali la nani anafika. Kenyatta na Kijabe ni hospitali za rufaa, na mtoto aliyezaliwa Turkana au Kitui anaweza kuletwa huko. Ukihesabu kwa hospitali, Nairobi itaonekana kisima cha mgongo wazi, kumbe ni kisima cha madaktari wa upasuaji wa ubongo na uti.

Lakini kosa linaloniuma zaidi ni la anwani. Rejista huuliza mama anakaa wapi siku ya kujifungua. Mfereji wa neva wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutunga, wakati wengi wetu hata hatujajua. Anwani inayohitajika ni ya wakati ule, na Nairobi ni mji wa kuhama: kodi imepanda, plot imevunjwa, mume amepata kibarua Athi River. Nilipowarudia wenzangu wa benchini na swali hili, mmoja kati ya sisi watatu wa Kayole na Embakasi alikuwa Kitui hadi mwezi wa nne wa mimba. Alikuja Nairobi akiwa tayari na tumbo. Ramani yangu ilipoteza nukta moja kati ya tatu kwa swali moja.

Jambo la mwisho kuhusu ramani, na naomba mlichukulie kwa uzito. Nukta moja kwenye wadi ndogo ni familia inayojulikana. Katika plot ambako mama ameshaambiwa ni laana, au amelaumiwa na mama mkwe, nukta ile ni kidole. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda taarifa za afya, lakini hata bila sheria, ramani ya kuonyesha hadharani iwe ya kaunti ndogo nzima, si ya mtaa, na ile yenye nukta ibaki kabatini.

Kalenda

Msimu una faida moja ambayo ramani haina. Unaweza kulinganisha miezi ya mahali pamoja: wakazi wale wale, hospitali ile ile, daktari yule yule. Mengi yanayotofautiana kati ya Karen ya matajiri na Mukuru ya mabanda hayabadiliki kati ya Machi na Septemba.

Tena kalenda imewahi kufungua macho. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, aliona watoto wengi kupita kawaida wakizaliwa na mtoto wa jicho. Aliporudi nyuma kwa miezi, mimba zao zilikuwa changa wakati wa mlipuko wa rubela wa mwaka 1940. Hakuwa na kompyuta. Aliwasikiliza akina mama na kuhesabu miezi kinyumenyume.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuhesabu mwezi wa kuzaliwa na kuishia hapo. Mwanangu alizaliwa katikati ya Februari, ametimiza miezi. Rudisha siku 266 na unafika wiki ya mwisho ya Mei. Ongeza siku 28, ni Juni, mvua ndefu zimekwisha na baridi imeanza. Mtoto wa pili wa Februari pale benchini alizaliwa wiki ya 31. Kwake mimba ilitunga mwishoni mwa Julai na mfereji ulipaswa kufunga Agosti. "Februari" yetu iliyotutia hofu ilikuwa nyakati mbili zilizoachana kwa miezi miwili. Tarehe ya hedhi ya mwisho imo kwenye kijitabu cha mama na mtoto, na ikikosekana, skani ya mapema ni bora kuliko kukisia.

Kalenda ya Nairobi ina mitego yake. Desemba mji huhamia ushago. Mimba ya Krismasi huzaliwa Septemba, na mama huyo, ambaye anwani yake ni Umoja, alikula na kunywa Kakamega au Murang'a katika siku zile muhimu. Hata akirudi mjini, huenda alirudi na gunia la mahindi ya nyumbani, ayasage kwa mashine ya posho badala ya kununua unga wa pakiti. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na ngano wa viwandani uongezwe virutubisho, asidi ya foliki ikiwemo. Unga wa posho hauna nyongeza hiyo. Hapo msimu na mahali vimeshikana mikono, na swali la "ulikula unga gani?" linaweza kuwa na thamani kuliko ramani na kalenda kwa pamoja.

Mtego mwingine ni migomo. Ule wa madaktari ulianza Desemba 2016 ukaendelea siku 100, na wauguzi wakagoma kuanzia Juni 2017 hadi Novemba. Rejista za umma za miezi hiyo ni nyembamba. Asiyejua historia hiyo atadhani 2018 kulitokea janga.

Kwa msimu kuna kipimo cha zamani cha Edwards, cha 1961, kinachouliza kama miezi 12 ina kilele kimoja na bonde moja. Sisi tuna mvua mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo jambo linalofuata mvua lingekuwa na vilele viwili, na kipimo cha kilele kimoja kingelikosa. Mwambieni mtaalamu wenu wa takwimu mapema. Na kusanyeni zaidi ya mwaka mmoja, kwani mwaka mmoja hauwezi kuonyesha msimu. Unaonyesha mwaka huo tu.

Vikionekana vyote viwili

Kuna vipimo vya mahali na wakati kwa pamoja: cha Knox cha 1964, kinachouliza kama walio karibu kwa mahali wako karibu pia kwa wakati kuliko inavyotarajiwa, na cha Kulldorff, kinachopitisha duara la ukubwa tofauti juu ya ramani yote na kusahihisha wingi wa maduara yaliyojaribiwa. Programu yake, SaTScan, ni ya bure. Cha Knox hakihitaji idadi ya vizazi, na hilo humvutia mwenye data chache, ingawa mtaa ukijaa watu haraka kinaweza kudanganya, na Nairobi mitaa hujaa haraka.

Hata vipimo vikikubali, bado hujapata sababu. Uingereza, mwaka 1972, James Renwick alipendekeza kwamba viazi vilivyoharibiwa na ukungu ndivyo huleta mgongo wazi. Mahali palilingana na msimu ulilingana. Lakini Belfast, akina mama waliowahi kupata mtoto mwenye hali hiyo walipoacha viazi kabisa, hawakupata kinga. Jibu kubwa lilipatikana 1991, jaribio lilipoonyesha kwamba miligramu 4 za asidi ya foliki kwa siku zilipunguza kurudia kwa hali hiyo kwa asilimia 72. Nawafikiria akina mama wale wa Belfast mara nyingi. Waliacha chakula walichokulia, kwa matumaini tu.

Nasi tuna sababu ya kuwaza mahindi. Huko Brownsville, Texas, kundi la watoto waliozaliwa bila fuvu na sehemu kubwa ya ubongo mwaka 1991 lilianzisha uchunguzi wa miaka mingi, na utafiti wa 2006 ukahusisha hatari na fumonisini, sumu ya ukungu wa mahindi, kupitia tortila. Kenya ukungu wa mahindi tunaujua: mwaka 2004 aflatoksini, sumu nyingine ya ukungu, iliua watu 125 huko Makueni, Kitui na jirani. Aflatoksini si fumonisini, na wale hawakufa kwa mgongo wazi, lakini ghala lenye unyevu ni lile lile. Ningeliweka swali la mahindi kwenye fomu. Singelitangaza kwenye kanisa.

Rejista, nyumba kwa nyumba, au mahojiano

Rejista za wodi ya uzazi ndizo nafuu. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022, asilimia 82 ya watoto Kenya huzaliwa katika vituo vya afya, kwa hiyo unaanza na wengi. Lakini rejista huandika kilichoonekana, na mtoto aliyezaliwa mfu mara nyingi huandikwa "mfu" tu bila kuangaliwa mgongo. Mimba zilizotoka hazimo kabisa.

Mfano bora ninaoujua ni Botswana. Tangu 2014 wakunga wa hospitali kubwa za huko hukagua kila mtoto, hai na mfu, mwilini kote. Mei 2018 waliripoti kasoro 4 za mfereji wa neva kati ya vizazi 426 vya akina mama walioanza dawa ya VVU ya dolutegravir kabla ya mimba, karibu asilimia 0.94. Dunia ilishtuka, na nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, zikaweka masharti kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Wakunga wale wakaendelea kukagua. Mwaka 2019 hesabu ilikuwa 5 kati ya 1,683, asilimia 0.30, na ikaendelea kushuka kadiri vizazi vilivyoongezeka. Bila hesabu ya chini ya mstari, wanawake wangebaki na hofu na dawa hafifu zaidi hadi leo.

Nyumba kwa nyumba huwapata wale ambao hospitali haikuwaona, ila kwa hali adimu ni mzigo: kwa mfano wetu wa 1 kati ya 1,000, utagonga milango ya familia maelfu upate watoto wachache. Njia hii inafaa pale tu ambapo hesabu ya watu imeshafanywa, kama mitaa ya Korogocho na Viwandani, ambako kaya zilianza kufuatiliwa 2002.

Mahojiano ya kulinganisha, yaani kila mama wa mtoto mwenye mgongo wazi na akina mama wawili au watatu waliojifungua karibu naye bila hali hiyo, hayatakuambia kama kuna mlundikano. Yatakuambia kuhusu unga, dawa, homa, na foliki. Udhaifu wake ni kumbukumbu: sisi tuliopata watoto hawa tumeipekua mimba yetu usiku kucha na tunakumbuka kila Panadol, wakati mama mwenye mtoto mzima hana sababu ya kukumbuka.

Ningechagua hivi

Kama ninyi ni kikundi cha wazazi wenye watoto 30 au 50 na hamna idadi ya vizazi, acheni ramani. Chukueni kalenda, mrudishe miezi hadi kutunga kwa mimba, na mkishaona umbo lolote lipelekeni kwa ofisi ya afya ya kaunti waulize rejista za miaka mingine. Kama wewe ni mwanafunzi mwenye mwaka mmoja na kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, fanya mahojiano ya kulinganisha. Utapata jibu linalotumika hata kama hakuna mlundikano. Ramani ni ya kaunti au chuo kinachoweza kupata vizazi vya kila kaunti ndogo kwa miaka mitano au zaidi. Na mkuu wa wodi ya uzazi anayesoma haya, wewe ndiye ningekusihi zaidi: kagua mgongo wa kila mtoto, hata aliyezaliwa mfu, na uandike ulichoona.

Foliki isisubiri uchunguzi wowote kati ya hizi. Ianze kabla ya mimba, mikrogramu 400 kila siku, hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi amwone daktari apewe kipimo kikubwa. Kliniki ya kwanza ya mimba, kwa wengi wetu, huja mfereji umeshafunga zamani.

Sisi wa benchi tumeanza na karatasi moja. Hedhi ya mwisho lini. Mtoto alizaliwa wiki ya ngapi. Wiki sita baada ya hedhi ile ulikuwa unalala wapi, mjini au ushago. Unga wa pakiti au wa posho. Dawa, homa, foliki. Anayeuliza ni yule mama wa Ngong, kwa sababu ana sauti ya upole kutushinda, na swali la wapi ulikuwa unalala huliuliza mara mbili, la pili baada ya mtoto kunyonya, maana mara ya kwanza karibu kila mtu humpa anwani ya sasa.